Mashine ipo, fundi yuko mbali: Kipili inahitaji mhandisi wa aina gani?

Mashine ya oksijeni ikizima Kipili, mwambao wa Ziwa Tanganyika, shida ya kwanza siyo bei ya spea. Ni umbali. Fundi akikosekana Namanyere, atafutwe Sumbawanga. Akikosekana huko, ni Mbeya au Dar es Salaam. Mtoto mwenye nimonia hawezi kusubiri safari zote hizo.

Ndiyo maana masomo ya uhandisi vifaa tiba yanamhusu hata mvuvi wa Kipili. Kozi zipo, kuanzia MUHAS na DIT jijini Dar mpaka Chuo cha Ufundi Arusha. Swali ni moja: mhitimu anaandaliwa akafanye kazi wapi?

Takwimu zinasemaje

Mwaka 2011, watafiti Perry na Malkin walichapisha uchambuzi wa vifaa tiba zaidi ya 112,000. Katika nchi zinazoendelea, karibu asilimia 38 vilikuwa havifanyi kazi. Sababu kubwa tatu: mafunzo haba, usimamizi mbovu wa vifaa na miundombinu duni.

Utafiti mwingine wa Malkin, wa 2010, ulifuatilia vifaa vibovu zaidi ya 2,500 kutoka hospitali 60 za nchi 11. Asilimia 72 vilirudi kazini bila kuagiza spea nje. Kumbe vingi havikuwa vimekufa, vilikosa tu mtu wa kuvifungua.

Ubovu unaanzia padogo

Mashine ya oksijeni huvuta hewa ya kawaida, huichuja, kisha madini ya zeolaiti hunasa naitrojeni ili oksijeni ipite. Kichujio kikijaa vumbi, mashine inapata joto na oksijeni inapungua, huku yenyewe ikiendelea kunguruma kama kawaida. Unyevunyevu nao huichosha zeolaiti, na umeme ukiyumba, kompresa inaumia.

Hapo ndipo utafiti wa chuo unapotakiwa. Wanafunzi wakipelekwa mafunzo kwa vitendo kwenye vituo vya kando ya ziwa, watajua nini kinaharibika, mara ngapi, na kipi kinatengenezeka hapohapo. Hiyo ni kazi ya utafiti kamili, siyo kazi ya mafundi wa mtaani.

Ziwa lenyewe lina mfano. MV Liemba, meli iliyotia nanga Kipili kwa miongo mingi, iliundwa Ujerumani 1913, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Kilichoiokoa ni matengenezo.

Chuo peke yake hakitoshi

Mhitimu akiajiriwa wilayani bila vifaa vya kupimia, usafiri wala bajeti ya spea, ataishia kuandika ripoti za vifaa vibovu. Kwa hiyo wakazi wa Nkasi wamuulize diwani wao: halmashauri ina mafundi wangapi wa vifaa tiba, na mwaka huu wametengewa shilingi ngapi za matengenezo?