*TAMKO LA TAWI: KLINIKI NI YA KUPIMA MTOTO, SI KUPIMA MFUKO WA MAMA*

Ndugu wanachama,



Kamati ya Utendaji ya Tawi ilikaa Jumapili iliyopita. Ajenda zilikuwa mbili, ada za uanachama na bati za ofisi. Hatukumaliza hata moja. Mjumbe wetu mmoja, mama anayekaanga vitumbua alfajiri, aliomba kusema jambo lililo nje ya ajenda, nalo likachukua kikao kizima. Tunawaandikia kwa sababu tunajua si lake peke yake.

Mama huyu alimpeleka mwanawe wa miezi 9 kliniki. Ilikuwa siku ya kawaida ya kupima uzito na kuchoma chanjo ya surua. Mkobani alikuwa na Sh 3,000, nauli ya kwenda na kurudi. Mtoto alipowekwa kwenye mizani, ikaonekana uzito haujapanda tangu mwezi uliopita, na mwili una joto. Muuguzi alifanya kazi yake vizuri: akamwambia asiondoke, amwone daktari siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza. Kufungua faili, Sh 2,000. Kipimo cha wingi wa damu, Sh 5,000. Dawa mbili dirishani hakuna, akanunue nje, Sh 8,500. Jumla Sh 15,500. Hakuna aliyemtajia bei kabla mtoto hajatobolewa kidole. Stakabadhi alipewa moja tu, ya kipimo. Pesa za kipimo alikopa kwa jirani aliyemkuta kwenye foleni, na simu yake akaiacha rehani kwa mwenye duka la dawa hadi jioni.

Ndugu zetu, kilichotunyamazisha kikaoni si hizo shilingi. Ni aliyoyasema baadaye: "Mwezi uliofuata sikwenda. Nilijisemea, mtoto anacheza, nikatafute deni lingine la nini?" Na mwezi wa pili hakwenda. Leo mtoto ana miezi 20, na ile chanjo ya pili ya surua, ya miezi 18, hajaipata.

Hii ndiyo hasara tunayotaka kila mwanachama aione. Bili ya ghafla haiishii kwenye mkoba wa mama. Inamfundisha kuiogopa mizani. Na mama akishaiogopa mizani, mtoto anayeanza kudhoofu hatajulikana mapema. Atajulikana siku amebebwa hajiwezi, na siku hiyo gharama itakuwa kubwa mara kumi.

*HAKI IKO WAPI?*

Tuseme wazi, kwa sababu wapo wanaoambiwa vingine. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza nchini mwaka 1993, watoto wa chini ya miaka 5 na wajawazito waliwekwa kwenye misamaha. Sera ya Afya ya mwaka 2007 ikarudia jambo hilo hilo. Kwa hiyo mtoto wa chini ya miaka 5 katika zahanati, kituo cha afya au hospitali ya serikali anapaswa kuhudumiwa bila malipo. Si chanjo peke yake. Ni kumwona daktari, vipimo na dawa pia.

Hospitali za watu binafsi ni habari nyingine. Huko ukiingia unalipa, au bima inakulipia. Na mtoto akitimiza miaka 5 msamaha wa umri unakwisha. Tunayasema haya ili mwanachama asiende kugombana mahali ambapo hana haki, akashindwa kuidai pale ambapo anayo.

*KWA NINI BASI MAMA ALILIPA?*

Ni rahisi kusema manesi ni wezi. Tawi halisemi hivyo. Atakayepokea pesa bila kutoa stakabadhi, huyo ameiba, na tutalisema. Lakini tumekaa na wanachama wetu wanaofanya kazi za afya, wametueleza kitu ambacho wengi wetu tulikuwa hatujakifikiria.

Chanjo ni bure kweli kwa sababu kuna aliyeilipia. Serikali, pamoja na washirika kama Gavi, wanainunua, inafika kituoni ikiwa tayari imelipiwa, na muuguzi hana cha kumdai mtu. Lakini mama akitoka mlango wa chanjo na kuingia mlango wa daktari, habari inabadilika. Kipimo kinataka vitendanishi. Dawa inaagizwa Bohari ya Dawa, na kituo kinatakiwa kuwa na fedha za kuagizia. Fedha hizo zinatoka kwenye ruzuku ya serikali, Mfuko wa Pamoja wa Afya, malipo ya bima, na malipo ya papo kwa papo ya wagonjwa. Mtoto aliyesamehewa haleti papo kwa papo wala hati ya madai ya bima. Kituo kinapomhudumia, hakuna fungu linalorudi kwa jina la msamaha wake. Zahanati ikihudumia watoto wengi, kabati lake linakauka haraka zaidi. Mwisho wa yote, mama anaandikiwa dawa kwenye kikaratasi, anaambiwa "kanunue nje".

Kwa hiyo msamaha upo kwenye sera, haupo kwenye bajeti. Serikali imeahidi, zahanati imeachiwa deni, na zahanati imemsukumia mama. Wazee wetu walisema ahadi ni deni. Swali la Tawi ni moja: deni hili analipa nani? Lisiwe la muuza vitumbua.

Wenzetu wa Kenya, hapo ng'ambo ya Horohoro, walipofuta malipo ya kujifungua katika hospitali za umma, na malipo ya zahanati na vituo vya afya vya serikali, mwezi Juni 2013, waliweka na fungu la kuvifidia vituo. Fedha hizo zilichelewa, na malalamiko yalikuwa mengi. Lakini walau zilikuwa na jina, na mtu aliweza kuuliza ziko wapi. Sisi hapa tutaulizia fungu gani?

Wapo watakaosema tusubiri, maana Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Tunaiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote. Lakini mtoto mdogo hakuambiwa asubiri bima. Ahadi yake ina umri wa miaka zaidi ya 30, ni kubwa kuliko mama yake.

*NA SISI TUJISEME*

Tawi nalo lina sehemu yake katika kosa hili. Wakati wa kampeni tulipita nyumba kwa nyumba tukisema "watoto bure, wazee bure", tukapigiwa makofi, tukarudi nyumbani. Hatukuwahi kwenda zahanati kuuliza kama hiyo bure imefika. Kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Tulipoulizana kikaoni nani anawakilisha mtaa wetu, hakuna aliyejua. Hilo ni aibu yetu, hatuwezi kumtwisha mtu mwingine.

*TULICHOAZIMIA*

*1.* Tutamwandikia diwani wa kata yetu aulize kwenye Baraza la Madiwani la Jiji: katika bajeti ya afya, ni kiasi gani kimetengwa kufidia huduma za watoto wa chini ya miaka 5? Kama hakuna, aombe fungu hilo liandikwe kwa jina lake.

*2.* Tutaomba kila kituo cha serikali katika kata kibandike ukutani, mahali mama anapokaa foleni, orodha ya huduma zisizolipiwa na bei ya zile zinazolipiwa. Iwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka.

*3.* Tutaomba iwe kawaida mama kuambiwa bei kabla ya kipimo, si baada yake. Huu hauhitaji bajeti. Ni uungwana tu.

*4.* Tutatafuta wawakilishi wetu kwenye kamati ya kituo, tuwaalike kikao kijacho, watueleze dawa gani za watoto zilikosekana mwezi huu na kwa nini.

*5.* Jumuiya ya akina mama ya Tawi itapita mitaani kuangalia kadi za kliniki. Mtoto aliyeruka mwezi au chanjo, mama yake asindikizwe. Asisemwe, asindikizwe. Yule mtoto wa miezi 20 ameshapangiwa siku, na wajumbe wawili watakwenda na mama yake.

*MWANACHAMA UFANYE NINI?*

Ukienda kliniki, beba kadi ya mtoto; umri wake umeandikwa humo, na ndiyo hoja yako ya kwanza. Ukiambiwa ulipe, uliza kwa upole: "Mtoto ana chini ya miaka 5, malipo haya ni ya nini?" Ukijibiwa bado ulipe, omba kuonana na mganga mfawidhi. Kama huna uwezo, muulizie ofisa ustawi wa jamii. Ukilipa, dai stakabadhi na uitunze. Ukinyimwa stakabadhi, piga TAKUKURU namba 113, ni bure. Ukiandikiwa dawa ukanunue nje, piga picha kikaratasi umletee katibu wa Tawi. Tunakusanya vikaratasi hivyo ili diwani asiende barazani na maneno matupu.

Na jambo la mwisho, tunawaomba sana. Usimtukane muuguzi. Wengi wao wanaumia kama wewe kuona kabati tupu. Tunataka kabati lijae, hatutaki ugomvi dirishani.

Lakini kliniki usiache kwenda. Hata kama mwezi uliopita ulidaiwa, hata kama mkobani kuna nauli tu, mpeleke mtoto apande mizani. Hilo la bili tuachieni Tawi, tutalibeba pamoja.

Msomee na jirani asiye na simu. Mama wa mtoto mdogo si lazima awe na kadi ya chama ili tumpiganie.

*Imetolewa na Kitengo cha Uenezi, kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya Tawi, Tanga.*