Yakini Haiondolewi na Shaka

Juma lililopita nilikuwa Isiolo kwa ndugu yangu. Baada ya Isha, bintiye alinionesha mtihani wa majaribio wa hesabu. Majibu matatu aliyapata sawa, kisha akayafuta alipokuwa akiyapitia. “Niliingiwa na hofu, Ami,” akasema.

Nikamkumbusha kanuni ya fiqhi: yakini haiondolewi na shaka. Aliye na udhu, akishuku umetenguka, bado ana udhu. Basi ayapitie majibu, ila asibadili mpaka aone kosa lenyewe. Hofu si ushahidi.

Tukalikokotoa upya la kwanza. Likatoka lile lile alilolifuta. Akacheka, kisha akanyamaza. Nasi tujiulize: hofu hiyo aliipata wapi, kama si katika makaripio yetu kila alipokosea?