Ushuru wa Kuku na Bei ya Pikapu

Serikali yo yote inapotangaza kwamba inakusudia kuongeza ushuru wa magari yatokayo ng'ambo, mwananchi huuliza jambo moja: gari litapanda kwa kiasi gani, na fedha hiyo ataitoa nani? Ni swali la haki, wala halijibiwi vizuri. Wako wasemao kwamba ushuru hulipwa na mgeni, na mwenyeji hapotezi kitu. Wako pia wasemao kwamba kila ushuru ni wizi mtupu. Sisi twaona heri kuiangalia nchi ambayo imelijaribu jambo hili kwa zaidi ya miaka 60, nayo ni Marekani, na kuitazama bidhaa moja tu, pikapu mpya.

Msomaji asidhani kwamba hayo ni mambo ya mbali. Ushuru wenyewe ni wa asilimia 25, na hiyo ndiyo asilimia ambayo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliiweka mwaka 2005 juu ya bidhaa zilizokwisha kutengenezwa. Mwaka 2022 zikaongeza daraja jingine la asilimia 35. Basi yaliyompata mnunuzi wa Marekani yatupasa kuyajua.

Mambo yalianza kwa kuku. Mwaka 1962 nchi za Soko la Pamoja la Ulaya ziliongeza ushuru wa kuku waliotoka Marekani, ambao walikuwa wakiuzwa kwa bei rahisi sana, hasa katika Ujerumani ya Magharibi. Wafugaji wa Marekani wakapiga kelele. Shauri likafikishwa mbele ya wasuluhishi wa mkataba wa biashara wa dunia, nao wakakadiria hasara ya Marekani kuwa dola milioni 26. Tarehe 4 Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson, ambaye hakuwa ametimiza hata majuma mawili katika kiti, akatia sahihi tangazo la kulipiza. Ushuru ukapandishwa juu ya wanga wa viazi, dekstrini, brandi, na magari madogo ya mizigo. Hayo magari ndiyo yaliyowekewa asilimia 25, na aliyekusudiwa ni Volkswagen wa Ujerumani, aliyekuwa akiuza pikapu zake Marekani.

Ugomvi wa kuku ulikwisha zamani. Ushuru wa brandi na wanga uliondolewa. Ushuru wa pikapu ulibaki, na mpaka leo Wamarekani wenyewe wanauita ushuru wa kuku. Si kwamba ulisahauliwa. Wenye viwanda vya nyumbani walikwisha kuuonja utamu wake, wakawa walinzi wake. Mwaka 2018, Marekani ilipoufanyia marekebisho mkataba wake na Korea ya Kusini, iliomba na kupewa kwamba ushuru huo juu ya pikapu za Korea uendelee mpaka mwaka 2041. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: tangu 1964 mpaka 2041 ni miaka 77, kwa ajili ya kuku walioliwa kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Hila zilizozaliwa na ushuru huo zingeweza kujaza kitabu. Makampuni yaliona kwamba chesisi yenye kibanda cha dereva tu, bila bodi ya nyuma, hutozwa ushuru mdogo. Basi pikapu za Kijapani, pamoja na zile zilizouzwa kwa majina ya Ford na Chevrolet, zikawa zinateremshwa bandarini bila bodi, kisha bodi hufungwa upande wa pili wa lango. Mwaka 1980 forodha ikalifunga tundu hilo. Subaru nao wakaleta pikapu yao iliyoitwa BRAT ikiwa na viti viwili vya plastiki ndani ya bodi, nje kwenye upepo, vikitazama nyuma, ili ihesabiwe kuwa gari la abiria. Ronald Reagan mwenyewe alikuwa nayo moja shambani kwake! Na Ford, kampuni ya nyumbani kabisa, tangu mwaka 2009 ilileta magari ya mizigo kutoka Uturuki yakiwa na viti na madirisha ya nyuma, kisha ikaving'oa viti baada ya kupita forodhani. Kesi ilikwenda miaka mingi, na mwezi wa Machi 2024 Ford ikakubali kulipa dola milioni 365. Fedha za mafundi, mawakili na viti vya kutupwa hazitoki mbinguni. Zimo ndani ya bei ya gari.

Lakini hasara kubwa kwa mnunuzi haikuwa hizo hila. Gari dogo la kazi, rahisi, la mkulima na fundi, lilipungua sokoni mle. Toyota Hilux, ambayo hapa petu hata mtoto wa shule huijua kwa umbo lake, haijauzwa Marekani tangu 1995. Mahali pake waliweka Tacoma, iliyotengenezwa kwa soko lile. Hatusemi kwamba ushuru ndio sababu pekee, kwani Wamarekani wengi wanapenda magari makubwa na petroli yao ni rahisi. Ila mwenye kiwanda asiye na mshindani kutoka nje hana haja ya kuunda pikapu ndogo ya faida ndogo, ikiwa anaweza kuuza kubwa ya faida kubwa.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua pikapu iliyofika bandarini ikiwa na thamani ya dola 30,000. Ushuru wa asilimia 25 ni dola 7,500. Hati ya forodha huandikwa jina la mwagizaji, naye yumo ndani ya nchi. Yeye ndiye alipaye, siyo kiwanda cha ng'ambo wala serikali ya ng'ambo. Kwake kuna njia tatu: amwombe mtengenezaji apunguze bei, apunguze faida yake mwenyewe, au aongeze bei ya dukani. Mara nyingi huzichanganya zote tatu. Lakini jirani yake, auzaye pikapu ya nyumbani kwa dola 35,000, akiona ya mgeni imefika 37,500, atazuiwa na nini asipandishe ya kwake kwa dola elfu moja? Elfu hiyo haiingii hazina ya taifa hata senti moja, nayo hutoka katika mfuko wa mwananchi vilevile.

Yaliyotukia mwaka 2025 yalionyesha hayo waziwazi. Tarehe 26 Machi Rais Donald Trump alitangaza ushuru wa asilimia 25 juu ya magari yote yatokayo nje, ukaanza tarehe 3 Aprili, na wa vipuri ukafuata tarehe 3 Mei. Safari hii uliwagusa pia Mexico na Kanada, ambako Wamarekani wenyewe wamejenga viwanda vya pikapu: Chevrolet Silverado hutoka Silao, Ram hutoka Saltillo, Tacoma za Toyota hutoka huko huko Mexico. Kwa gari lililotimiza masharti ya mkataba wa nchi hizo tatu, ushuru ulihesabiwa juu ya sehemu isiyotengenezwa Marekani. Mwezi wa Mei Ford ikatangaza kuongeza mpaka dola 2,000 juu ya magari yake matatu yanayoundwa Mexico, na mojawapo ni Maverick, pikapu yake ndogo kuliko zote. Maverick hiyo, ilipotolewa mwaka 2021, bei yake ilianzia dola 19,995, na watu wa kipato cha kawaida waliigombea. Hao ndio waliopigwa kwanza.

Pikapu ya nyumbani je? Ford F-150 huunganishwa Michigan na Missouri, na tangu toleo la 2015 bodi yake ni ya alumini. Mwezi wa Juni 2025 ushuru wa chuma na alumini ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 50. Kwa hiyo gari lisilovuka mpaka wo wote nalo lilizidi gharama. Katika miezi mitatu ya Aprili hadi Juni, General Motors ilisema ushuru uliigharimu dola bilioni 1.1, na Ford ilisema milioni 800. Bei za madukani hazikuruka siku ileile, kwani yalikuwako magari yaliyoingia zamani, na makampuni yalimeza sehemu ya gharama. Serikali yenyewe, tarehe 29 Aprili, ililazimika kuwapa nafuu wenye viwanda waunganishao magari nchini. Ikiwa mlipaji ni mgeni, nafuu hii alipewa mwenyeji kwa sababu gani?

Hatuwadharau wafanyakazi wa Detroit. Wameona viwanda vikifungwa na kuhamishwa penye ujira mdogo, na rais wa chama chao, Shawn Fain, aliunga mkono ushuru wa magari. Mwezi wa Juni 2025 General Motors ikatangaza kutumia dola bilioni 4 katika viwanda vyake vya nyumbani, pamoja na kuunda pikapu Michigan kuanzia 2027. Hiyo ni kazi ya kweli kwa watu wa kweli. Nchi isiyo na kiwanda haina heshima sokoni, nasi hatutaandika kinyume cha hayo katika ukurasa huu. Lakini kazi hiyo ina bei, na aliyeilipia ana haki ya kuonyeshwa hesabu.

Kwetu, gari zima hutozwa ushuru, lakini gari lililoletwa vipande vipande ili liunganishwe hapa husamehewa. Kwa mpango huo pikapu za Isuzu huunganishwa Nairobi, katika kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1975, na kwa mpango huo huo vijana wamepata ufundi. Ni mpango mzuri. Lakini mwenye duka wa Dodoma, mkulima wa chai wa Kericho na mfanya biashara wa samaki wa Mwanza hawajapata kuambiwa ni vipuri vingapi vya gari hilo vinatengenezwa hapa, vingapi vilitengenezwa miaka kumi iliyopita, wala ni lini kiwanda kitasimama bila mkongojo. Wakishindwa kununua jipya, hununua gari kuukuu la Japani na kulipia ushuru hilo nalo.

Bajeti za nchi zetu husomwa mwezi wa Juni. Twawaomba waheshimiwa wabunge, kila waletewapo pendekezo la kuongeza ushuru wa magari ya kazi, wadai mambo matatu yaandikwe ndani ya sheria yenyewe: tarehe ya kuisha, idadi ya ajira na vipuri vitakavyodaiwa kila mwaka, na bei ya pikapu dukani kabla na baada. Mbunge atakayesimama kuuliza hayo, tutalichapa swali lake katika ukurasa huu, pamoja na jibu atakalopewa na jina la waziri aliyelitoa.