Tukoke Moto Bila Mafuta ya Taa



Tulipokuwa kambini na mabinti zetu wa kanisa, milimani karibu na Lushoto, mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi kuni zilikuwa zimelowa. Mama mmoja, kwa nia njema ya kuwawahishia watoto uji, alimimina mafuta ya taa juu ya makaa yaliyokuwa yakifuka. Mwali uliruka hadi kwenye chupa. Tunamshukuru Mungu kwamba aliitupa upesi, akaungua vidole viwili tu. Sisi tuliowauguza waliounguzwa na mafuta tunajua kuwa wengi hawakubahatika hivyo.

Makaa hugeuza mafuta kuwa mvuke, na mvuke huo hulipuka ghafla. Tena, mafuta yakiwekwa kwenye chupa ya soda, mtoto hudhani ni kinywaji. Akiyanywa, tusimtapishe, kwani yanaweza kuingia mapafuni. Tumkimbize hospitali.

Bibi zetu walikoka moto kwa vitu vya msituni na shambani. Asubuhi ile tuliwatuma mabinti wakatafute:

- Majani makavu ya msonobari na matunda yake yaliyofunguka. Utomvu ulioganda kwenye gome huwaka hata siku ya mvua.
- Magome ya mkaratusi yanayojibandua yenyewe.
- Vijiti vilivyokufa vikiwa bado mtini. Hivyo huwa vikavu kuliko vilivyolala chini. Kijiti kikivunjika kwa mlio, kinafaa. Kikipinda tu, tukiache.

Walio pwani wana makuti na makumbi ya nazi. Wenye migomba wana majani yake makavu, na wenye mahindi wana magunzi. Gogo likilowa nje, tulipasue. Mara nyingi ndani ni kavu.

Sasa tupange. Tufikiche majani makavu, tuyaweke kama kiota cha ndege, bila kuyashindilia, maana moto unahitaji hewa. Juu yake tuegemeze njiti nyembamba kama za kiberiti, kisha zenye unene wa penseli, kisha za kidole gumba. Tuwashe chini, upande unakotoka upepo. Kuni kubwa zingoje mpaka njiti zimeshika vizuri. Wengi wetu tunaharakisha hapo, moto unazimika, ndipo tunakumbuka chupa ya mafuta.

Tusiwashie mifuko ya plastiki, moshi wake ni sumu. Wala tusikate matawi ya mnyaa, kwani utomvu wake hudhuru macho vibaya.

Kabla ya kuwasha, tufagie majani yote yaliyo karibu, tufunge vizuri ncha za khanga, na ndoo ya maji iwe tayari. Tukiondoka, tumwagie maji, tukoroge majivu, tumwagie tena mpaka yapoe kabisa. Msitu huteketea kwa kaa moja.

Mtu akiungua, tupooze jeraha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Tusipake dawa ya meno, mafuta wala yai. Tulifunike kwa kitambaa safi, kisha twende zahanati.

Uji wa kambini ulichelewa nusu saa tu. Mwezi huu, kila mmoja wetu aweke kikapu cha majani makavu na njiti jikoni, mahali pasipofikiwa na mvua wala cheche. Chupa ya mafuta ikae juu, imefungwa, mbali na mikono midogo.