Chombo kimepanda pwani, nguruzi iko kwa nani?

 

Jumamosi iliyopita bamvua lilijaa alasiri, maji yakafika hadi kwenye mizizi ya mikungu. Wanaume wa mtaani petu wakashuka pwani, wakatandika magogo, wakalisukuma dau letu mpaka pahala ambapo maji ya kawaida hayafiki. Watoto nao walikuwepo, kila mmoja ameshika ubao hata kama mkono wake hausukumi kitu. Kazi ilipokwisha watu wakanywa chai, wakaagana. Mume wangu akajikung'uta mchanga miguuni, akasema: "Haya, limelala hilo mpaka karafuu ziishe."

Nikamuuliza: "Baba watoto, nguruzi iko wapi?"

Akacheka. Alijua kwa nini nauliza.

Kwa wasomaji wetu wa mjini, nguruzi ni kile kizibo kidogo cha tundu iliyo chini ya chombo. Chombo kikiwa baharini, nguruzi hukaa ndani, vyenginevyo mtazama. Chombo kikiwa juu pwani, nguruzi hutolewa ili maji ya mvua yapate pa kutokea. Ni kijiti kisichozidi urefu wa kidole, lakini nyumbani kwetu kiligharimu pesa za msimu mzima.

Ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Tulilipandisha dau mapema, mvua zikanyesha, kisha tukahamia shambani kwa ajili ya karafuu. Kila mmoja alidhani mwenzake ameitoa nguruzi. Mume wangu alidhani kijana wake ameitoa, kijana alidhani babake, na mimi sikuuliza kwa sababu niliamini ya pwani ni ya wanaume. Tuliporudi, dau lilikuwa limejaa maji hadi katikati ya mataruma, majani yameoza ndani, na viluwiluwi vya mbu vinacheza. Fundi aligonga mbao kwa kidole akatikisa kichwa. Mbao sita zilibadilishwa. Pesa tulizozipata kwa kuchuma karafuu ziliishia kwenye mbao, misumari, pamba na ujira wa fundi. Januari skuli zilipofunguliwa, binti yangu wa kwanza aliingia darasa jipya na sare ya zamani, pindo limeshushwa mpaka hakuna tena cha kushusha. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mafundi wetu wa madau wanalijua jambo hili tangu zamani. Mbao haziozi haraka kwa maji ya bahari, kwa sababu chumvi huuzuia ule ukungu unaokula mti. Maji matamu ya mvua, yakituama, ndiyo yanayouozesha. Kwa hiyo chombo kinachosafiri kila siku kinaweza kudumu miaka, na kile kinachopumzika bila kuangaliwa kikaharibika kwa msimu mmoja.

Mambo haya si ya Pemba peke yake. Nina jamaa yangu anayeishi Canada ambaye familia yake ina nyumba ya magurudumu, ile inayokokotwa na gari wakati wa likizo. Kabla ya theluji kuanguka, huyaondoa maji yote kwenye mabomba yake, kwa sababu maji yakiganda huvimba na kupasua bomba. Kisha huondoa vyakula vyote ili panya wasiingie, na huifunika. Aliponieleza nilimwambia kuwa sisi sote tuna kazi moja. Kila nchi ina masika yake, na adui ni wale wale: maji yaliyotuama, wadudu na panya, na mtu kusahau.

Basi leo tuzungumze namna ya kulaza chombo, na kila mmoja nyumbani ashike lake.

Pahala na magadi

Kipandishe chombo wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji yakusaidie kukifikisha juu. Usikiweke chini ya mnazi. Nazi moja ikianguka hupasua ubao, na ikimkuta mtoto ni msiba. Mkuku uweke juu ya magogo usigusane na ardhi, maana unyevu na mchwa hupandia hapo.

Kisha magadi, yaani miti ya kuegemeza pande mbili. Yachimbie, uyafunge kamba, usiyaegemeze tu. Watoto wanapenda sana kivuli cha chombo. Hujificha chini yake, na wengine huvuta gadi kutaka kulifanya fimbo. Dau moja ni uzito wa wanaume kumi na zaidi. Waambie watoto wako kwa maneno machache: pembeni ruhusa, chini marufuku. Halafu waoneshe kwa mkono ni wapi hasa.

Kusafisha na kufunika

Toa kila kitu ndani: kapu la chambo, magamba, mabaki ya kamba. Chota ngama yote, sugua kwa maji ya bahari, acha kikauke. Chini kwangua vilivyoota, kisha mafundi hupitisha moto wa makuti makavu kuua wadudu wanaotoboa mbao. Kazi hii ya moto ifanywe na watu wazima, bila upepo mkali, bila petroli karibu na bila watoto. Baada ya hapo mbao hupakwa sifa. Harufu yake tunaijua sote, lakini mafuta yale ya papa huzuia mbao kunyonya maji na kupasuka.

Jua nalo lina madhara yake. Mbao zikikauka mno hujikunja na viungo huachana. Jenga kibanda chepesi cha makuti juu ya chombo, pande ziwe wazi upepo upite. Turubai lililofungwa kila upande hufungia unyevu ndani, likageuka nyumba ya ukungu. Kukalafati upya na kupaka deheni, mume wangu huviacha mpaka wiki ya mwisho kabla ya kushusha. Wenye boti za faiba wasijione wamesalimika. Faiba haiozi kama ubao, lakini maji ya mvua yakijaa uzito wake huzitesa mbavu za boti, na mbu hawachagui.

Mbu ni jambo la familia nzima. Kutoka yai hadi mbu mwenye mbawa ni wiki moja hadi mbili tu. Chombo chenye maji karibu na nyumba ni kiwanda cha mbu kilichofunguliwa mlangoni petu. Zanzibar imehangaika miaka mingi kuipunguza malaria, tusiirudishe kwa uvivu wa kuchomoa kijiti.

Tanga, kamba na nyavu

Hapa akina mama na vijana wa kike wanaweza kushika usukani, na si lazima mtu aende pwani. Tanga lifuliwe chumvi kwa maji matamu, likauke kabisa ndipo likunjwe. Likikunjwa bichi hushika ukungu. Nyavu za nailoni zioshwe na zianikwe kivulini, kwa sababu jua hudhoofisha uzi wake hata kama jicho halioni. Kisha vitundikwe juu kwenye kenchi, mbali na panya. Majaketi ya kuokolea yaangaliwe moja moja: mikanda, vifungo na mishono. Lililochanika lishonwe sasa wakati nafasi ipo, si asubuhi ya kushusha chombo.

Mashine

Kama chombo chako kina mashine, ivue mapema uipeleke nyumbani. Itumbukize miguu yake kwenye pipa la maji matamu, iwashe iyanyonye na kuyatema kwa dakika kadhaa mpaka chumvi itoke. Kisha chomoa mpira wa mafuta uiache iunguruме mpaka izime yenyewe, ili petroli isibaki kwenye kabureta ikaganda na kuziba. Toa plagi, tia matone ya oili, vuta kamba taratibu mara chache, urudishe plagi. Mwaga oili ya gia. Ukiiona nyeupe kama maziwa, ujue maji yameingia na sili inahitaji fundi. Paka grisi panapozunguka, uihifadhi ikiwa imesimama wima.

Petroli isilale na watoto

Mzazi mwenzangu, kama umechoka kusoma, soma hapa peke yake. Mwisho wa msimu hubaki petroli kidogo, nayo huingizwa ndani kwenye chupa ya maji au ya soda, ikawekwa chini ya kitanda. Mtoto wa jirani yetu, wa umri wa miaka miwili, aliamka na kiu akapiga funda moja. Alilazwa hospitali siku tano akihangaika kupumua. Alhamdulillahi alipona, lakini mama yake mpaka leo akiona chupa isiyo na jina huishtukia.

Petroli iliyobaki muuzie au mpe mwenye pikipiki, kama haijachanganywa na oili. Iliyochanganywa mpe mvuvi anayeendelea kutoka. Ikilazimu kubaki, ikae kwenye dumu lake lenye kifuniko kizuri, nje ya nyumba, juu, mbali na jiko.

Ikitokea mtoto amekunywa petroli au mafuta ya taa, usimtapishe. Akitapika, mafuta huweza kuingia kwenye mapafu, na huko ndiko kwenye hatari kubwa. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Mvue nguo zilizomwagikiwa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, umkimbize hospitali iliyo karibu, iwe Wete, Chake Chake, Mkoani au Micheweni. Mpeleke hata kama anacheka, kwani kukohoa na kupumua kwa shida huweza kuja saa kadhaa baadaye. Ichukue na ile chupa wauone waganga.

Zamu ya Ijumaa

Baada ya hasara yetu, tulikaa kikao cha nyumbani. Binti yangu, yule wa pindo lililoshushwa, ndiye aliyetoa wazo. Alisema: "Baba, nguruzi akae nayo mtu mmoja. Ikiwa kwa kila mtu, haiko kwa mtu." Babake alinyamaza, kisha akampa yeye.

Tangu siku hiyo nguruzi yetu hutobolewa tundu, hutiwa uzi na kutundikwa msumari mmoja na ufunguo wa nyumba. Kila anayefungua mlango anaiona na anajua chombo kiko wazi chini. Ijumaa baada ya sala, binti yangu na mdogo wake hupita pwani. Wanaangalia mambo manne: tundu haijazibwa na majani, magadi hayajalegea, makuti hayajapeperushwa, na hakuna mchwa kwenye magogo. Huandika katika daftari la skuli lililobakia kurasa. Tukienda shambani, huachiwa jirani ambaye chombo chake nacho tunakiangalia zamu yake ikifika. Kazi nzima haifiki nusu saa.

Nimeona faida nyengine ambayo sikuitarajia. Zamani watoto walijua dau ni la baba. Sasa wanajua daftari zao, mchele wao na dawa zao hutoka mle ndani, na wanalizungumzia kama chao. Kijana wangu, ambaye wakati ule alidhani babake ameitoa nguruzi, sasa ndiye anayekumbusha mambo ya petroli. Mtoto hukipenda anachokabidhiwa kukilinda, na baba hapungukiwi heshima kwa kugawa kazi.

Waswahili wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi wa pwani tuna na letu la kuongeza, kwamba ipo tundu ambayo usipoiacha wazi utanunua mbao.

Jumamosi ile, nilipomuuliza mume wangu nguruzi iko wapi, alinionesha kwa kidevu. Binti yetu alikuwa mbele yetu kwenye njia ya kurudi nyumbani, ameivaa shingoni kama kidani.

Wiki hii, kabla mvua haijakaza, muulize mwenzako swali hilo hilo. Tukutane Jumamosi ijayo inshaallah.