Haya Isiyo Mahali Pake: Wazee Wetu na Kipimo cha Tezi Dume

Sifa njema zote ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Miongoni mwa maswali yanayotufikia mara kwa mara baada ya darsa ni la mzee anayeulizia udhu wa mtu asiyeweza kuzuia mkojo. Nasi humjibu kama tulivyosoma: ajisafishe, ajifunge kitambaa, atawadhe baada ya kuingia wakati wa kila swala, kisha aswali wala asijali kitakachomtoka. Jibu ni sahihi. Lakini tukimwacha aende zake, je, tumemaliza wajibu wetu? Mzee yule ametueleza maradhi, nasi tumesikia udhu peke yake.

Tezi dume iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo. Ikikua, mrija hubanwa. Mara nyingi ukuaji huo si saratani. Lakini saratani nayo huweza kuanza bila dalili yoyote. Kwa hiyo hapana budi mtu apimwe, asikisie.

Kinachowazuia wengi ni haya. Wamesikia kuwa daktari huingiza kidole, au chombo cha ultrasaundi, kwa njia ya haja kubwa, wakasema bora kufa. Tunawauliza: haya hiyo imetoka katika Sharia ipi? Mafakihi wameeleza kuwa tabibu anaruhusiwa kutazama na kugusa uchi kwa kiasi cha haja, bila kuzidisha. Na Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu. Anayeikimbia hospitali kwa kuona haya, kisha akaenda kwa siri kununua hirizi, hakuhifadhi haya wala tauhidi.

Isitoshe, elimu aliyoifungua Allah imepunguza hata hilo wanaloliogopa. Ultrasaundi ya juu ya tumbo hupima ukubwa wa tezi na mkojo unaosalia kibofuni. MRI, inayotumia sumaku bila mionzi ya eksirei, huonyesha sehemu ya tezi inayotiliwa shaka. Utafiti uliofanywa Uingereza kwa wanaume 576, ukatangazwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa MRI ikitangulia, takriban robo yao wangeweza kuepushwa na sindano za kutoa vinyama. Na aliyekutwa na saratani isiyo kali huweza kufuatiliwa kwa vipimo, mwaka hadi mwaka, bila kukimbilia upasuaji.

Ni kweli kwamba MRI ni ghali na mashine zake kwetu ni chache. Lakini mlango wa kwanza, yaani daktari, kipimo cha damu cha PSA na ultrasaundi, uko karibu zaidi. Kamati za misikiti zinazochangisha fedha za mazulia na vipaza sauti ziweke pia fungu la vipimo kwa wazee wasiojiweza.

Nasi walimu tuanze na nafsi zetu. Akija mzee kuuliza udhu, tumpe hukumu yake, kisha tumshike mkono tumpeleke hospitali.

Wabillahi tawfiq.