Usiniambie Kanisa Limesajiliwa

Kila zikivuma habari za mchungaji aliyewaibia au kuwaumiza waumini wake, mitaani husemwa mambo mawili. La kwanza: "Lile halikuwa kanisa, lilikuwa genge." La pili, kutoka kwa mtu anayesali kwingine: "Letu limesajiliwa, cheti kiko ukutani." Hivyo ndivyo watu wa Mbagala, Tandika, Mburahati na Tegeta wanavyotofautisha dini na kundi potofu. Penye cheti, jengo la tofali na askofu mwenye pete, hapo ni dini. Penye turubai, spika mbili na mtume aliyejitokeza juzi, hapo ni upotofu. Kipimo hiki ni kibovu, na wanaokiamini kinawagharimu viwanja, ndoa, wakati mwingine roho.

Tuanzie Buza, wilayani Temeke. Julai 2024 Msajili wa Jumuiya alifuta usajili wa Christian Life Church, kanisa la mchungaji kutoka Kongo, Dominique Dibwe, ambaye Dar es Salaam nzima ilimjua kwa jina la Kiboko ya Wachawi. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba waumini walikuwa wakitozwa shilingi 500,000 ili wapate maombezi. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma wakati huo kilikuwa 370,000. Watu walishangilia kwamba serikali imewaokoa. Lakini huwezi kufuta usajili usiokuwepo. Siku zote ambazo foleni ilikuwa ikipangwa pale Buza, kanisa lile lilikuwa halali kabisa. Aliyeuza cherehani, aliyekopa kikoba ili laki tano itimie, alikuwa akizipeleka kwenye taasisi iliyopewa baraka na Wizara ya Mambo ya Ndani.

Simlaumu sana Msajili. Anapelekewa katiba na majina ya viongozi, naye anavisoma. Katiba nzuri ya kanisa unachapiwa steshenari kwa jioni moja, na hakuna mtume atakayeandika ndani yake kwamba muumini akiondoka atatangaziwa kifo. Tatizo ni sisi tunaokitazama cheti kama vile kimepima yaliyomo.

Na cheti huweza kuondoka kwa sababu zisizohusiana kabisa na imani. Kanisa la Ufufuo na Uzima la Askofu Josephat Gwajima, kule Ubungo, limehubiri kwa miaka mingi habari za kuwarudisha misukule. Usajili haukuguswa. Uliguswa Juni 2025, baada ya askofu huyo, wakati huo mbunge wa Kawe, kukemea hadharani utekaji wa watu. Uipende siasa yake au uichukie, tukio hilo linakuonyesha serikali hutazama nini inapokunja uso.

Wala si jambo la leo. Wabelgiji waliotawala Kongo walimhukumu mhubiri Simon Kimbangu mwaka 1921 kama mchochezi, akafia gerezani mwaka 1951 baada ya miaka 30 ya kifungo. Mwaka 1969 kanisa lililobeba jina lake likapokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Hapa kwetu Mashahidi wa Yehova walipigwa marufuku katika miaka ya 1960, wakaja kuruhusiwa tena mwaka 1987. Ukifuata muhuri wa serikali, itabidi uamini kwamba imani ya watu wale ilikuwa potofu usiku, na kulipokucha ikageuka dini.

Wapo wanaokwepa cheti na kukimbilia mafundisho: eti kundi potofu utalijua kwa vituko linavyofundisha. Hao nawapeleka Kanungu, Uganda. Kundi la Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde lilijiita la Kurejesha Amri Kumi za Mungu. Viongozi na waumini wengi walikuwa Wakatoliki, na mmoja wa viongozi, Dominic Kataribaabo, alikuwa padri. Rozari, mifungo, amri kumi: bibi yako angesikia mahubiri yao angeitikia amina. Na ndiyo, walikuwa wamesajiliwa, kama asasi isiyo ya kiserikali. Waumini waliuza mali zao na kukabidhi fedha. Dunia ilipokataa kuisha mwisho wa mwaka 1999, inaelezwa kwamba baadhi yao walianza kudai walichotoa. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa liliteketea na mamia ya watu ndani yake, milango na madirisha yakiwa yamepigiliwa misumari.

Pale Kanungu lililoua si fundisho, ni mlango. Dini ni ile unayoweza kuiacha Jumatatu, na Jumanne bado una mke, una kazi, una kiwanja chako, na mwenzako wa kwaya akikukuta sokoni anakusalimia. Kundi potofu ni lile ambalo kutoka kwake ni msiba. Mengine yote, mafuta, kelele, mikesha, suti za mtumishi, hayo ni ladha ya watu.

Kipimo hiki kinaweza kukuudhi, kwa sababu kinawaachia baadhi ya watu tunaopenda kuwahukumu. Mwaka 2011 Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa KKKT, aliwavuta watu kutoka Afrika Mashariki yote kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Mawaziri na wabunge walikwenda, kwa hiyo hadithi ya kwamba wanaodanganyika ni maskini wasiosoma tuiache. Wapo walioacha dawa zao wakafa, na hilo ni la kuuma. Lakini Babu, kama alivyoitwa, hakumzuia mtu. Unakunywa, unageuza gari, unarudi kwenu. Hali kadhalika Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa wakisongamana kukanyaga mafuta ya upako katika mkutano wa mhubiri Boniface Mwamposa kwenye uwanja wa Majengo. Hilo ni suala la usalama wa umati, na linataka hasira ya aina yake. Kuwaita wote waliokuwa uwanjani watekwa wa kundi potofu ni kuwatukana wafiwa.

Sasa turudi mitaani kwetu, kwa sababu kufungwa mlango hakuanzi na misumari. Kwa kawaida huanzia katika chumba cha kumwona mtumishi. Unaingia na ugumba, na kesi ya kiwanja, na mtoto anayeanguka kifafa. Unatoka umeshaonyeshwa mchawi: ni mwanamke, mnene kidogo, upande wa baba. Hatajwi jina, na hapo ndipo penye ufundi, maana kila mtu ana shangazi mnene kidogo upande wa baba. Kuanzia siku hiyo chakula cha kwao huli. Harusi ya binamu unatoa udhuru. Kisha unafika ule msiba, ndugu wamelala kwenye mikeka chini ya turubai, na wewe hupo, kwa sababu umeambiwa kule kuna madhabahu ya ukoo. Mswahili akishaacha kwenda msibani kwao, huyo amekwisha kukatwa kamba. Siku mtumishi atakapomtaka atoe hati ya nyumba hatakuwa na shangazi wala kaka wa kumpigia simu.

Fedha nazo zina lugha yake. Sadaka inayoingia kwenye akaunti ya kanisa, mhasibu akaisoma mbele ya waumini mwisho wa mwaka, hiyo hata ikiwa kubwa ina pa kuulizwa. Sadaka inayotumwa kwa namba ya simu ya mtumishi, tena kwa kiwango kilichopangwa kulingana na ukubwa wa shida yako, ina jina lingine, na kila mfanyabiashara wa Kariakoo analijua.

Paul Mackenzie, mchungaji wa kule Kilifi nchini Kenya aliyewafungisha waumini wake hadi kufa, hakuanza na njaa. Alianza kwa kuwatoa watoto shuleni na kuwakataza watu hospitali, ndipo akawapeleka msitu wa Shakahola, mbali na jirani yeyote. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023. Kanisa lake nalo lilikuwa limesajiliwa. Kenya ilifuta usajili huo mwaka huohuo wa 2023, makaburi yakiwa yameshaanza kufukuliwa.

Najua nitakachojibiwa: hata dini kubwa humwandama anayetoka. Kweli kabisa, na sitamtetea mtu. Nyumba ya Magomeni inayomfungia nje binti kwa kuwa amebatizwa, na nyumba ya Kimara inayomsusia kijana kwa kuwa amesilimu, zote zinafanya kazi ya Mackenzie kwa kiwango kidogo. Anayewaambia vijana wa msikitini kwamba wazazi wao ni makafiri, wasile walichochinja, naye yumo humo. Ukongwe wa dini haumsafishi mtu anayefunga milango kwa jina lake, na upya wa kanisa la mabati haulifanyi kuwa la kishetani. Nayajua makanisa ya turubai ambayo muumini akihama mchungaji anamwandikia barua ya utambulisho na kumtakia heri.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, Jumapili hii usihangaike kukisoma kile cheti. Kaa na mzee wa kanisa pembeni, baada ya ibada, umuulize nani aliacha kusali hapo mwaka jana na yuko wapi sasa. Akikwambia alihamia Chanika na wiki iliyopita walimzika mama yake pamoja, kaa usali. Akikwambia alipigwa na radi, au akikuuliza kwa nini unataka kujua, chukua wanao mwondoke.